Ruhusa ya Kwenda Bujumbura

Zuhura Mikidadi hajui kuongea polepole. Ukipita Mwembesongo, mjini Morogoro, asubuhi ukasikia mwanamke anaigombeza mashine ya kusaga, usishangae wala usiulize. Ni yeye, na mashine itawaka tu, maana inamwogopa kama wanavyomwogopa vijana wa kupakia mizigo. Yeye ni mkuu wa uzalishaji katika kiwanda cha viungo cha Evance Mwaipopo. Cheo kikubwa hicho, lakini ukimwita kwa cheo atakucheka mbele za watu. Mwite Mama Viungo, ataitika.

Kwao ni Kinole, juu huko kwenye miteremko ya Uluguru ambako mdalasini na pilipili manga vinaota mpaka nyuma ya vyoo. Aliteremka mjini akiwa msichana na furushi la magome ya mdalasini kichwani, akamkuta Evance, kijana wa Kinyakyusa mwenye chumba cha kupanga, kinu na maneno mengi. Leo Evance ana kiwanda, ana gari la mizigo, na kitambi anacho. Maneno ni yale yale. Lakini ule mchanganyiko wa pilau uliompa jina ni wa Zuhura, aliukoroga kwa mikono yake kabla hawajawa na mashine. Ukila pilau harusini Morogoro ukajikuta unaomba uongezewe, sifa mpe mpishi, ila nusu mwachie Zuhura.

Sasa basi, viungo vyake vilitembea kuliko yeye. Maboksi yalienda Dodoma, yakaenda Kigoma, mwishowe yakavuka mpaka na kuingia Burundi, kwa Waswahili wa mtaa wa Buyenzi pale Bujumbura, ambao kwa pilau na chai ya viungo hawana mchezo. Yeye mwenyewe safari yake ndefu kabisa ilikuwa Dodoma, msibani, na alirudi kesho yake. Ndiyo maana alikuwa na tabia yake moja: boksi la Bujumbura likishafungwa, analipiga kofi mgongoni na kuliambia, "Nenda. Nisalimie huko." Vijana walicheka wakidhani ni utani. Haukuwa utani. Mama huyu alitaka kwenda, alitaka kwa roho yake yote, ila hakuwahi kumwambia mtu.

Siku Evance alipomwita ofisini, mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeshaanza kunukia.

"Mama Viungo, keti."

"Nikikaa nani ataisimamia ile mashine?"

"Keti, nimesema." Evance akajifuta jasho. "Tunafungua tawi Bujumbura. Duka tumepata, pale pale Buyenzi. Vibali vya kazi vimetoka, kimoja cha Pendo mhasibu, kimoja chako. Wewe ndiye mkuu wa tawi. Ila lazima tufungue kabla ya Ramadhani, watu wananunua viungo wakati huo. Tukichelewa, mwenye duka anampa mwingine, ameshaniambia kabisa."

Zuhura akanyamaza. Watu wa kiwandani wanaapa kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho. Kisha akatoka, akaingia stoo, akajifungia, wakamsikia anacheka peke yake, halafu analia, halafu anacheka tena.

Yangeishia hapo ingekuwa habari nzuri na fupi. Lakini Evance ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na kwao binti ni wa baba yake hata akiwa na mvi. Tena aliogopa midomo ya watu, asije akasemwa anasafirisha wanawake kwenda nje kienyeji. Zuhura ni mjane, ana wajukuu, anajitegemea. Hayo kwa Evance hayakuwa sababu. "Nitakwenda kwa mzee mwenyewe niombe ruhusa," akasema. Wazazi wa Pendo, kule Turiani, walishakubali kwa simu. Akanunua mchele na sukari, akavaa koti, na jioni akaenda kwa Mzee Mikidadi, baba yake Zuhura, ambaye anakaa kwa binti yake hapo hapo Mwembesongo tangu astaafu kazi.

Sasa hapa lazima niwaeleze wasiotoka milimani. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anapendwa, anaamkiwa, analetewa paja la kuku, lakini mwenye neno ni mjomba. Zuhura alipoolewa, kikao cha mahari walikaa wajomba. Mume wake alipofariki, wajomba ndio waliosema akae wapi. Mzee Mikidadi alikuwa anapashwa habari. Mzee wa watu hakulalamika, naye ni Mluguru, anajua. Lakini kujua kitu si chako hakukuzuii kukitamani.

Basi Evance akakaa kwenye kiti cha plastiki barazani, akakohoa, akasema, "Mzee wangu, shikamoo. Nimekuja kwa heshima zote. Tunaomba ruhusa yako binti yako asafiri, aende Bujumbura kutufungulia tawi."

Mzee Mikidadi akaweka kikombe chini.

"Umesema umekuja kufanya nini?"

"Kuomba ruhusa, mzee."

"Rudia, baba, sikusikia vizuri."

Alisikia! Masikio ya mzee huyu yanasikia sarafu ikianguka kwa jirani. Evance akarudia, kwa sauti kubwa. Mzee akasema subiri, akaingia ndani, akatoka amevaa kanzu na kofia yake ya Idi, akakaa upya, akamwomba aseme tena toka mwanzo.

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alijua palipokosewa. Alishafungua mdomo aseme, "Bosi, kwetu sisi ruhusa haiko hapa." Akamtazama baba yake: mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, macho yamelowa. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mzee huyu jambo lolote kuhusu mtoto wake. Zuhura akafunga mdomo. Yeye, mwanamke asiyejua kunyamaza, akanyamaza kwa mara ya pili katika wiki moja.

"Bujumbura," mzee akasema. "Si ndiko yanakokwenda yale maboksi unayoyapa salamu?"

"Ndiko, baba."

"Basi nimeruhusu. Mwanangu aende. Nimeruhusu mimi, Mikidadi."

Na laiti angeishia hapo! Furaha ilimzidi. Evance alipoondoka tu, mzee alichukua simu, akawapigia rafiki zake wa kazini zamani, akampigia imamu, akampigia muuza kahawa. Halafu, Mungu amsamehe, akampigia shemeji yake, Mzee Rehani wa Kinole. "Shemeji! Zuhura anakwenda kuwa mkubwa Bujumbura! Wamekuja kuniomba ruhusa, nami nimewapa!"

Huyo Mzee Rehani ndiye mjomba, kaka mkubwa wa marehemu mama yake Zuhura, kichwa cha ukoo mzima, ukoo ambao wenyewe wanauita lukolo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya." Akakata simu.

Mwenye akili angejua hiyo "haya" ina uzito gani. Mzee Mikidadi aliijua alipokwisha kuiweka simu mezani. Zuhura alimkuta amevua kofia.

"Mwanangu, nimekuharibia."

"Hujaniharibia kitu, baba. Mjomba nitakwenda kumwona mwenyewe."

Alisema hivyo kumtuliza mzee tu. Shida haikuwa mjomba kununa peke yake. Kule Kinole, nyumbani kwa huyo huyo mjomba, kulikuwa na mwali ndani: Shadia, mtoto wa mdogo wake Zuhura, binti aliyemaliza kidato cha nne na kuwekwa ndani kufundwa. Kungwi wake, yaani mwanamke anayemfunda na mwenye haki ya kumtoa, ni Zuhura. Ngoma ya kumtoa ilipangwa baada ya Idi. Kungwi haondoki na kumwacha mwali ndani. Akifanya hivyo hakuna atakayemkamata, hakuna polisi wa jambo hilo. Ila siku ya kurudi atakuta watu wa kwao wanamwitikia salamu kwa nusu mdomo, na mtoto wa watu amebaki bila wa kumtoa. Zuhura angeweza kupanda basi na kibali chake mkononi. Asingeweza kuishi na hilo.

Akapanda mlimani. Gari la kiwanda lilimfikisha linapoishia, kilichobaki akakimaliza kwa miguu kwenye utelezi, mvua inanyunyiza, mpaka uwanjani kwa mjomba.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa! Mjomba, shikamoo!"

Mzee yumo. Redio inasikika, kikohozi chake kinasikika. Baadaye akatoka mkewe, Bi Mwamvita, uso chini kwa aibu. "Anasema ruhusa kaombe kwa waliokwisha kukupa."

"Aniambie mwenyewe."

"Kasusa, mwanangu. Hata mimi hanisemeshi, na mimi sikupiga simu."

Zuhura akazunguka nyuma, nyumba ya akina mama, akaingia kwa mwali. Shadia alikuwa amekaa mkekani, amenawiri, na amechoka kukaa kitako.

"Mama mkubwa, kwani lazima iwe baada ya Idi? Miguu imekufa ganzi. Yote uliyonifunda nimeyashika, niulize lolote."

"Siku ya kukutoa anaisema mjomba, mwanangu, si mimi."

"Sasa si mkamuulize?"

"Kashindwa kuitika hodi, ataitika swali?" Zuhura akasema, na hapo machozi yakamtoka kweli, mbele ya mwali wake, jambo ambalo kungwi hafanyi. Shadia akamfuta kwa pindo la kanga na wala hakusema neno. Kumbe kweli alikuwa ameshafundika.

Njiani kuteremka alikutana na Bi Veronika. Huyu naye ni bibi wa hapo hapo Kinole, Mkatoliki, wa ukoo ulio mtani wa ukoo wa akina Zuhura. Wenye watani wanaelewa. Mtani anaruhusiwa kukwambia lisilosemeka, kukuvua kofia, kukaa kwenye kiti chako, na wewe ukikasirika ndiwe mwenye hatia, faini juu yako. Ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kukuchekesha mbele ya maiti na kumwigiza marehemu alivyokuwa anatembea.

"We mtoto, mbona uso umekuvimba, umeumwa na nyuki?"

Zuhura akamsimulia yote, pale pale kwenye tope. Bi Veronika alisikiliza huku mkungu wa ndizi uko kichwani, hakuutua. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Ulipiga hodi hakuitika?"

"Hakuitika."

"Na yumo ndani?"

"Yumo."

"Basi huyo kafa," Bi Veronika akasema. "Jumapili uje na baba yako. Avae kanzu yake." Akaendelea na safari yake, mabega yanamtikisika. Zuhura alidhani ni utani wa kawaida, akajiendea zake.

Jumapili wakapanda, Zuhura na mzee, taratibu, fimbo na mapumziko. Evance alikuwa amesema atangoja mpaka wiki hiyo iishe, baada ya hapo atawaambia watu wa Buyenzi haiwezekani. Mzee Mikidadi alikuwa amejiandaa kuomba msamaha. Alikuwa anajisemea maneno yake njiani, midomo inacheza. Walipokaribia kona ya mwisho, kabla uwanja haujaonekana, ndipo wakasikia kilio.

Si kilio cha mtu mmoja. Wanawake. "Uuuwii! Mzee Rehani katuacha! Rehani wee, umekwenda na mkoba wako wa ugoro, nani atautumia!"

Mzee Mikidadi akakaa chini kwenye njia, na kanzu yake nyeupe, kwenye tope. "Nimemuua," akasema. "Zuhura, nimemuua shemeji yangu. Ile simu. Ile simu imemuua."

"Baba, inuka."

"Nilikuwa najisifu, Zuhura. Nilimpigia kujisifu."

Zuhura naye aliamini. Maana aliisikia sauti ya Bi Veronika ikimtukana marehemu kwa uchoyo wa sukari, na hayo ndiyo mambo ya watani msibani kweli kweli. Akamwinua baba yake kwa kwapa, wakakimbia kilichobaki, mzee na fimbo yake, mama na vilio vyake.

Uwanja umejaa jirani. Katikati, kwenye kiti chake cha uvivu, amekaa Mzee Rehani, mzima wa afya, uso wote umepakwa unga, bakuli la uji mkononi. Bi Veronika amejifunga kibwebwe, ameshika ndoo ya maji.

"Mkekani mlazeni tumwoshe!" anapiga kelele. "Jamani maiti hii inatukodolea macho, ifumbeni!"

"Veronika, toka hapa," mjomba anasema, anajitahidi kununa.

"Na inaongea! Mpwa wake alikuja hapa kapiga hodi, tena mvua inamnyeshea, nyumba haikuitika. Mjomba aliye hai anaitika hodi. Huyu alikufa siku ile, mkakaa naye humu mpaka leo, hamna hata haya!"

Watu hoi. Bi Mwamvita amejishika ukuta. Na mjomba, mdomo wake ulikuwa umeshaanza kumsaliti pembeni, lakini bado alikuwa anashindana nao, mpaka Mzee Mikidadi alipopasua katikati ya watu, hakuona unga, hakuona ndoo, akamwangukia pale kitini na kumkumbatia mpaka uji ukamwagika.

"Shemeji! U hai! Nilidhani simu yangu imekuua!"

Hapo Mzee Rehani akacheka. Alicheka kicheko cha kutoka tumboni, unga unapukutika, anampiga shemeji yake mgongoni. Walicheka mpaka wakawa wanalia. Uwanja mzima ukawa hivyo hivyo, na Bi Veronika akadai faini yake hapo hapo: jogoo, kwa sababu maiti ilimfukuza. Akapewa. Alimkamata mwenyewe.

Baadaye, chai imeletwa, unga umeoshwa, mjomba akasema lililokuwa moyoni.

"Mliniruka, Zuhura. Nimekulea tangu mama yako anafariki. Mtu anakuja kuomba ruhusa yako, nami nasikia kwenye simu kama tangazo la msiba wa mbali. Iliniuma."

"Mjomba, naomba unisamehe," Zuhura akasema, na safari hii alisema polepole. "Nilijua inakosewa. Nilikuwa nimesimama pale na sinia. Ningeweza kusema. Lakini nilimtazama baba. Alikwenda kuvaa kanzu, mjomba. Alimwambia yule bosi arudie, mara tatu. Nilishindwa kumnyang'anya."

Mzee Mikidadi alikuwa anatazama kikombe chake.

Mjomba akatua kikombe chake. Akamgeukia. "Shemeji, walipokuuliza, ulijisikiaje?"

"Nilijisikia nina mtoto," mzee akajibu.

Basi ngoja niwaambie kitu ambacho Kinole yote inakijua na hakuna anayekisema. Mzee Rehani naye ana mabinti. Wote wameolewa, na kila mmoja aliulizwa kwa wajomba zake, kaka zake Bi Mwamvita. Yeye aliletewa sahani ya pilau. Pale kitini alikuwa anachezea mkoba wake wa ugoro, na mkewe alimtazama, kisha akatazama pembeni kwa heshima.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi," mjomba akasema mwisho, kwa sauti ndogo. Kisha akajikohoza, akawa tena kichwa cha ukoo. "Zuhura, Bujumbura utakwenda. Lakini mwali wangu hutamwacha ndani. Ngoma ya Shadia tunaivuta, inapigwa kabla ya mfungo. Mchele tutatafuta. Na huyo bosi wako Mnyakyusa aje, nimwone anafananaje."

Kutoka nyumba ya nyuma ikasikika sauti ya msichana ambaye hakutakiwa kusikika kabisa, imepiga kigelegele.

Evance alipopigiwa simu alisema mchele ni wake, wote, na gari lake litabeba ngoma na wapigaji. Wiki ile kiwandani hakuna aliyesaga kitu kwa makini. Pendo alipewa kazi ya kushona sare, na akawa mkali kuliko alivyo kwenye vitabu vya mahesabu.

Siku yenyewe jua lilitoka baada ya mvua, Kinole ikajaa watu mpaka kwenye migomba. Ngoma zilianza asubuhi. Zuhura aliingia kwa mwali wake, akamuuliza maswali ya mwisho kwa kunong'ona, akaridhika, akamfunika kanga mpya, akamtoa mlangoni kwa mkono wake. Vigelegele hapo, wee acha tu. Shadia akanyanyuliwa mabegani, akafunuliwa, akaonekana jinsi alivyopendeza, wajomba na mama zake wadogo wanamtunza, wanamshangilia, Bi Veronika mbele kabisa anacheza na yule jogoo wake kwapani. Zuhura alicheza mpaka kilemba kikamwanguka. Kazi yake ameimaliza, mwali wake ametoka salama, na kila mtu ameona.

Ndipo Mzee Rehani akainua mkono. Ngoma zikanyamaza.

"Bado tuna mwali mwingine," akasema. "Huyu Zuhura naye anakwenda asikokujua. Leteni kanga."

"Mjomba, mimi nina wajukuu!" Zuhura akapiga kelele. Nani wa kumsikiliza? Pendo na akina mama walishamfunika. Vijana wa kupakia mizigo, wale wale anaowagombeza kila siku, wakasogea kwa furaha kubwa kupita kiasi kumnyanyua.

"Ngojeni kwanza," mjomba akasema. "Hajaulizwa anayeulizwa. Mikidadi! Njoo hapa mbele."

Mzee Mikidadi alikuwa amekaa pembeni na wageni, mahali baba anapokaa katika shughuli za ukoo usio wake. Akasogea, kanzu imefuliwa ikang'ara, hajui kuna nini. Mzee Rehani akavua kofia. Mbele ya lukolo mzima, mbele ya watani, mbele ya Mnyakyusa na kitambi chake, akasema:

"Shemeji, sisi ukoo wa mama yake tumekuja kwako. Tunaomba ruhusa mtoto wako asafiri."

Uwanja ukatulia. Zuhura alikuwa chini ya kanga, haoni kitu, anasikia tu. Alisikia fimbo ya baba yake ikigonga chini.

"Mmesema mmekuja kufanya nini?"

"Kuomba ruhusa, shemeji."

"Rudia. Sikusikia vizuri."

Watu wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho Evance Mwaipopo, mtu mzima, alionekana anajifuta macho kwa tai yake. Mzee Rehani akarudia, kwa sauti ya kufika bondeni, neno kwa neno.

"Naruhusu!" Mzee Mikidadi akasema. "Mimi baba yake, naruhusu!"

Akaitupa fimbo, akasogeza bega lake chini ya mwanawe pamoja na wale vijana, wakamnyanyua, ngoma zikarindima, kanga ikafunuliwa, na Zuhura akaiona Kinole yote toka juu, milima na watu, huku analia na kucheka kwa pamoja. Mzee alishindwa kumbeba zaidi ya hatua chache, pumzi zikamwishia. Akabaki nyuma wakati wanampeleka, lakini kabla hawajamfikisha mbali alimuwahi, akampiga kofi mgongoni, kofi zito la kufungia mzigo.

"Nenda, mwanangu," akamwambia. "Tusalimie huko."